Wapiga maji ama wapiga mwizi?

Bega langu la kulia ndilo lililonifundisha kafi linavyofanya kazi. Kabla ya hapo nilikuwa nimesomesha fizikia miaka kumi na mmoja, na kila mwaka tukifika kwenye kanuni ya tatu ya Newton nilichora ubaoni mtu ndani ya mashua, mshale mmoja ukienda nyuma na mwingine ukija mbele. Anasukuma maji nyuma, maji yanamsukuma mbele. Wanafunzi wanaandika, tunahamia kwenye swali la bunduki na risasi. Na mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kushika kafi, mzaliwa mzima wa Tudor, hapa Mombasa, ambaye dirisha la chumba cha mama yake linatazama maji.

Kisha nikanunua kayaki, mtumbwi mdogo wa kupiga kafi. Ilikuwa ya mtumba, plastiki ya manjano iliyopaushwa na jua, urefu wake mita 3.6, ile aina ya kukaa juu badala ya kuingia ndani. Aliyeiuza alikuwa anahama nchi na alitaka iondoke uani kwake kabla ya Ijumaa. Niliisafirisha juu ya tuktuk, na dereva alikubali kwa bei ambayo siitaji hapa kwa sababu mke wangu husoma ninayoandika. Ilikuja na kafi lake: mpini wa alumini, bapa la plastiki kila ncha.

Wiki ya kwanza nilipiga yale maji kama niliyokuwa nayadai. Bapa likiingia linatoa mshindo, likitoka linamwaga maji mpaka nywele zinalowa, na nyuma yangu nikiacha povu lililonifurahisha sana. Nikiona povu nilijiambia kazi inafanyika. Kayaki ilikwenda, ikitikisa kichwa kulia na kushoto kama mbuzi anayeburutwa. Kufika siku ya tano sikuweza kuinua mkono kufungua pazia.

Mjomba wangu, ndugu yake mama, huegesha mtumbwi wake palepale, chini ya mikoko. Amevua maji haya tangu kabla sijazaliwa. Siku tatu alinitazama bila kusema neno, akitengeneza nyavu zake. Siku ya nne nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akauliza:

"Mpwa wangu, wapiga maji ama wapiga mwizi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema kafi langu lina kelele, na kafi lenye kelele halishiki. Kisha akaingia mtumbwini, akapiga mara nne, na akawa ameshafika kwenye kigingi ambacho mimi hukifikia kwa mapigo saba au manane. Nyuma yake hapakuwa na povu hata la kujazia kijiko.

Nilirudi nyumbani na jambo hilo likinikera. Mtumbwi wake ni mzito kuliko kayaki yangu. Kafi lake ni ubao mmoja wenye bapa jembamba kuliko langu. Mzee mwenyewe ana uzito wa mtoto wa darasa la sita. Kwa ule mchoro wangu wa mishale miwili, sikuwa na jibu. Anasukuma maji nyuma, nami nasukuma maji nyuma, tena mimi nayasukuma kwa nguvu zaidi.

Jibu nililipata barabarani. Nilikuwa nimesimama dukani akapita muuza maji na mkokoteni wake, mitungi ya lita ishirini imepangwa safu mbili. Chukulia umesimama juu ya mkokoteni ule, magurudumu yametiwa grisi vizuri, na unataka usogee mbele bila kugusa chini. Unachoweza kufanya ni kusukumia mitungi nyuma. Mtungi mmoja una kilo 20. Ukiurusha kwa kasi ya mita 2.5 kwa sekunde, msukumo unaopata ni uzito mara kasi: 20 mara 2.5, yaani 50. Lakini ukiiegemea mitungi mitano kwa pamoja, kilo 100, na kuisukuma polepole kwa nusu mita tu kwa sekunde, msukumo ni 100 mara nusu, yaani 50 vilevile. Mkokoteni hautaona tofauti. Bega litaona. Nishati inayobebwa na kitu kinachokwenda ni nusu ya uzito wake mara kasi ikizidishwa kwa yenyewe. Ule mtungi mmoja uliorushwa umekula jouli 62.5. Mitano iliyosukumwa taratibu imekula jouli 12.5. Nguvu mara tano umezitoa mwilini ukazipa maji, na maji hayana haja nazo.

Povu langu lilikuwa ndiyo hiyo mitungi iliyorushwa. Maji yale niliyokuwa nikiyaona yakiruka na kuchemka nyuma yangu yalikuwa chai yangu ya asubuhi na mahamri yake, nimeyamwaga baharini. Mjomba alikuwa akishika maji mengi na kuyasogeza kidogo tu.

Kwa hiyo mchoro wangu wa ubaoni haukuwa na kosa, ila ulikuwa umenyamaza pale penye habari yenyewe. Haukusema maji mangapi, wala kwa kasi gani. Na nikiri pia kwamba fizikia nimeisoma na kuisomesha kwa Kiingereza maisha yangu yote. Siku nilipojaribu kumweleza mjomba hili kwa lugha ya pale mikokoni ndipo nilipogundua kuna maneno niliyokuwa nayataja darasani bila kuyaona. Nilimweleza habari ya mitungi. Akasikiliza, akasema, "Basi ndivyo. Kafi ni kigingi. Wachomeka, wajivuta kulifuata."

Hilo nililifanyia jaribio. Kuna gati dogo la mawe pale, limebakiwa na nguzo moja ya mti. Nilipita karibu nayo asubuhi moja, maji yamesimama, na kila nikilingana nayo nachomeka bapa sambamba na nguzo, navuta, natazama litatokea wapi. Kwa mtindo wangu wa kupiga mwizi, bapa liliingia penye nguzo na kutoka dhiraa nzima nyuma yake. Maji yamekimbia, kafi limeteleza, kayaki imesogea kiasi kilichobaki. Nilipochomeka taratibu, nikangoja bapa lizame lote ndiyo nivute, lilitoka kama shubiri moja tu nyuma ya nguzo. Bapa lilikuwa karibu limesimama. Kilichokwenda ni mimi.

Haliwezi kusimama kabisa. Lisipoteleza hata kidogo hakuna maji yaliyosogea, na pasipo maji kusogea hakuna msukumo. Lakini umbali kati ya dhiraa na shubiri ndio uliokuwa ukinila bega.

Baada ya hapo kila kosa langu lilipata jina. La kwanza ni kuvuta kabla ya kuzamisha. Ukivuta bapa likiwa limezama nusu, nyuma yake mgandamizo wa maji hushuka, na hewa iliyo karibu hapo juu hufyonzwa kuja kujaza pengo. Unasikia *chwaaa*. Hizo ndizo kelele mjomba alizokuwa akizisema. Hewa ni nyepesi kuliko maji ya bahari kwa zaidi ya mara 800, kwa hiyo bapa lililokuwa limeshika maji pande zote sasa limeshika maji upande mmoja na upepo upande wa pili. Linachomoka kama jino bovu.

La pili ni kuendelea kuvuta baada ya kafi kupita nyonga. Bapa likishapita hapo limelala, na ukilivuta unainua maji juu kama mtu anayechota mchuzi. Maji yakiinuliwa juu, mkia wa kayaki unasukumwa chini. Yale maji niliyokuwa nikijimwagia nywele nilikuwa nikiyalipia mara mbili.

La tatu lilikuwa mkono. Nilikuwa navuta kwa mkono peke yake. Mjomba alinitazama kiunoni nilivyokaa wima kama nimemeza ufagio. "Na kiuno wamwachia nani? Wacheza chakacha?" Misuli ya mgongo na kiuno ni minene kuliko ya bega, na ukigeuza kifua ili bega lifuate, mkono unabaki kuwa kamba tu ya kuunganisha. Hili halihitaji hesabu. Linahitaji kuacha aibu, maana ukizungusha kiuno juu ya kayaki ya manjano kuna vijana gatini watapiga mluzi.

Tuingie sasa kwenye jambo nililolipenda kuliko yote. Asubuhi za maji mafu, kabla upepo haujaamka, uso wa bahari pale Tudor unakuwa kama sinia lililosuguliwa. Piga kafi moja taratibu, ulitoe, kisha tulia utazame pale lilipokuwa. Utaona viduara viwili vya maji yanayozunguka, kimoja kila upande wa njia ya bapa, kila kimoja na kishimo katikati mfano wa kitovu. Cha kushoto kinazungukia huku, cha kulia kinazungukia kule. Vinasafiri pamoja kwenda nyuma, polepole, vikiandamana kama bwana na bibi harusi. Mahali penye mchanga na maji ya magotini hata kivuli chake unakiona chini: miduara miwili myeusi yenye ukingo unaong'aa, kwa sababu kile kishimo kidogo juu kinaupinda mwanga wa jua.

Viduara hivyo kumbe ni kitu kimoja. Maji yanayozunguka kimoja yameungana na ya kingine kwa chini, kwa umbo la nusu pete, ncha zake mbili zimetokeza juu. Aliyewahi kumwona mzee akipuliza moshi wa sigara ukatoka pete ameona ndugu yake, isipokuwa pete ile ni nzima na hii imekatwa na uso wa maji. Na ule msukumo wote uliokusogeza mbele umo ndani ya nusu pete ile, unaondoka zake kinyume chako. Miaka kumi na mmoja nilikuwa nikichora mshale wa nyuma kwa chaki, na mshale wenyewe upo, unaonekana kwa macho, una vitovu viwili. Nilikaa pale juu ya kayaki nikiwa nimechelewa kazini na sikujali.

Vikiwa vikubwa na vinakwenda taratibu, umepiga vizuri. Vikiwa vidogo, vikali, vimejaa povu, rudi kwenye mitungi.

Habari ya viduara ilinisaidia tena lilipovunjika bapa. Nilikuwa nimelitumia kafi kujisukuma kwenye mwamba, jambo ambalo kila mtu hukuambia usifanye. Kununua jipya kulikuwa na gharama, basi nikampelekea seremala wa mtaani kipande cha plaiwudi ya mashua anikatie bapa la upande ule. Akakata vizuri, akapiga msasa, akapaka vanishi, bapa linang'aa kama mlango wa msikiti. Nilipoliingiza majini likaanza kutetemeka. Nikivuta kwa nguvu linapepea kushoto kulia kama mkia wa changu aliyenaswa, mpaka viganja vinakufa ganzi. Nikarudi kwa fundi na lawama mdomoni. Kwa bahati nilinyamaza kwanza nikaweka mabapa mawili sambamba.

Lile la plastiki lina mgongo. Katikati yake, kutoka mpinini kushuka, kuna tuta dogo, na pande zote mbili zimeinamia nyuma kidogo. La fundi lilikuwa bapa tupu kama ubao wa chapati. Maji yakikutana na ubao ulio sawasawa hayana sababu ya kuchagua upande. Yanatokea kingo ya kushoto na kufanya kiduara, kisha ya kulia, kisha ya kushoto, kwa zamu, na kila kiduara kinachochomoka kinalivuta bapa upande wake. Tuta la katikati linayagawa maji tangu mwanzo, nusu huku nusu kule, viduara viwili vinazaliwa kwa pamoja, na bapa linatulia. Zamu hiyo ya viduara ilielezwa kwa hesabu mwaka 1911 na Theodore von Kármán, mhandisi mzaliwa wa Hungaria, na ndiyo hiyohiyo inayozifanya nyaya za umeme zilie usiku upepo wa kusi ukivuma. Fundi hakumjua von Kármán, wala mimi sikumtaja. Nilimwomba agundishe ukanda mwembamba wa mti katikati, upana wa vidole viwili, na auchonge uinamie pembeni. Mtetemo haukuisha wote, ila ulipungua hadi kuvumilika, na fundi akakataa malipo ya pili kwa sababu, alisema, mara ya kwanza nilipaswa kumpa sampuli.

Nilipopata pesa nilifanya kosa la kinyume: nilinunua kafi lenye mabapa mapana. Nilijiambia kama siri ni kushika maji mengi, basi bapa kubwa litashika zaidi. Linashika, naam. Linashika hata ukitaka liachie. Ni kama kupanda mwinuko kwa baiskeli iliyokwama kwenye gia nzito: kila pigo linakuhitaji mzima mzima. Bega likanirudia baada ya siku nne. Kafi lile sasa linatundikwa sebuleni na wageni wanalisifu.

Wenyewe waliotuachia chombo hiki, Wainuiti wa kule barafuni, walikiita qajaq, na makafi yao ya Greenland ni membamba na marefu, upana ambao kiganja karibu kinazunguka. Nilipoona picha zake nilimkumbuka mjomba na ubao wake. Kwa upande mwingine, Waswidi miaka ya 1980 walileta kwenye mashindano kafi lenye bapa lililopinda kama bawa la ndege. Hilo huvutwa likitoka nje pembeni, mbali na chombo, na maji yanayopita juu ya mpindo wake hulisukuma mbele namna upepo unavyolisukuma tanga. Kwa kuwa linakwenda pembeni kila wakati linakutana na maji mapya ambayo bado hayajasogezwa. Mitungi mingi, kasi ndogo. Mimi sijalishika, nasema nilichokielewa.

Mjomba hana kafi la ncha mbili, na kwa muda sikujua anawezaje kupiga upande mmoja tu bila mtumbwi kuzunguka. Kayaki yangu nikipiga kulia pua inakwenda kushoto, nikipiga kushoto inarudi, ndiyo ile ya kutikisa kichwa. Sababu ni umbali: msukumo ukipita kando ya mstari wa katikati unakigeuza chombo, na kadiri unavyopita mbali ndivyo unavyokigeuza zaidi. Mimi nilitibu nusu ya tatizo kwa kusimamisha mpini wima ili bapa lipite karibu na ubavu. Yeye hutibu mwisho wa pigo. Nilimtazama mkono. Kafi likifika nyuma yake, kidole gumba cha juu kinageuka kuelekea chini, bapa linasimama kama usukani kwa muda wa kupepesa jicho, linasukuma maji nje kidogo, na pua inarudi mahali pake. Nilimuuliza alifundishwa na nani. Akasema hajui anafanya nini, na nikimtazama hivyo atasahau.

Tulikuja kutofautiana juu ya mkondo.

Ilikuwa siku moja baada ya mwezi mpevu, maji ya bamvua. Jua na mwezi vikiwa kwenye mstari mmoja na dunia, mvuto wake unajumlishana, na hapa kwetu tofauti ya maji kujaa na kupwa inapita mita 3. Maji yote hayo ya Tudor, kutoka huko ndani Jomvu na Mikindani, yana saa sita na dakika chache kutoka nje, na sehemu kubwa yanapita saa mbili za katikati. Mimi nilishuka nayo. Nikapita chini ya daraja la Nyali nikijihisi bingwa, kila pigo linanipeleka kama lina injini. Nikaenda hadi ninapoiona Fort Jesus, nikapiga picha, nikageuza.

Nguzo ya daraja ilikuja mpaka ikawa kama mita hamsini mbele yangu, kisha ikasimama. Napiga, nguzo ipo. Nikaongeza nguvu, nguzo ikasogea kama hatua mbili. Hapo nilikutana ana kwa ana na hesabu niliyowahi kuwapa watoto kwenye mtihani: ukinzani wa maji huongezeka kwa kasi ikizidishwa kwa yenyewe, na nguvu za kila sekunde huongezeka kwa kasi mara kasi mara kasi. Kwenda mara mbili ya kasi, jasho mara nane. Na chombo kifupi kama changu kina dari lake. Kayaki ya mita 3.6 ikifika karibu kilomita 8.5 kwa saa, wimbi inalolitengeneza lina urefu sawa na yenyewe, pua juu ya kilima kimoja na mkia juu ya kinachofuata, na ukizidisha hapo mkia unashukia bondeni, unapanda mlima wa maji uliouumba mwenyewe. Sikufika huko. Nilichoka zamani.

Niliponyanyua macho niliona, kando kabisa chini ya mikoko, jani likielea. Lilikuwa halijasogea. Pembeni, maji yanakwaruzana na mizizi na tope, mwendo wake ni mdogo, na pengine yanazunguka kurudi nyuma. Nikakata pembeni nikayafuata makorongo yale, napumzika nyuma ya kila kizuizi, nikafika Tudor baada ya saa nzima na robo. Mjomba alikuwa amekaa na kikombe chake cha kahawa tungu. Alinitazama akasema maji ya bamvua hayashindwi, yangojewa.

Kisha akaongeza lile neno. Alisema maji yakienda nawe hayana mshiko, kafi lateleza kwa sababu yakukimbia. Maji yakija usoni ndiyo yana mshiko.

Nikamwambia hapana, mjomba. Nikamwambia kafi halijui ufuo uko wapi. Kama maji yote yanakwenda pamoja, wewe na mtumbwi na kafi mmo ndani yake kama abiria ndani ya feri ya Likoni. Ukitembea kutoka upande mmoja wa feri hadi wa pili, hatua zako hazijui kama feri inakwenda au imetia nanga. Galileo, mwanasayansi wa Italia, alilisema hili mwaka 1632 kwa chumba cha meli. Kafi linashindana na maji lililomo, basi.

"Huyo Galileo alivua wapi?" akauliza.

Nilifanya jaribio peke yangu kwanza. Maji yanatoka, si makali sana, upepo hakuna. Nilitupa kumbi la nazi majini, nikalipa mgongo na kushuka na mkondo, nikihesabu mapigo hamsini na mawili. Nikageuza, nikalirudia kumbi nikipanda mkondo. Mapigo hamsini. Ukitazama ufuoni, safari ya kushuka ilikuwa ndefu sana na ya kurudi haikuwa hata robo yake. Ukitazama kumbi, ni ileile. Nilimletea mjomba habari hii kama aliyeshinda kesi.

Akasema mawili hayo yaliyozidi ndiyo aliyokuwa akiyasema.

Nikamwambia mawili ni kwamba sikupiga sawa, au kipepo. Akasema basi atajaribu mwenyewe, kwa mtumbwi wake, kwa kafi lake, na mimi nikae kimya. Jumamosi tukatoka. Maji yalikuwa yanaanza kupwa, pelikani hakuna, boti hakuna, utulivu wa kusikia kaa wakibofya topeni. Nikatupa kumbi. Mjomba akaanza kushuka, midomo inasogea, kafi halitoi hata sauti, kila pigo linaacha vile viduara viwili vikubwa vya taratibu vikiandamana kurudi kwangu. Nilivihesabu mwenyewe kimoyomoyo mpaka thelathini na tisa.

Hapo akatokea mvuvi wa nyavu za jarife kutoka upande wa Kisauni, akamwamkia kwa sauti, akamuuliza hali ya mgonjwa. Mjomba akaitikia, akamjibu, wakaulizana habari za watoto na bei ya dizeli.  Alipogeuka kunitazama nilijua.

"Nilikuwa nishafika ngapi?"

Nikamkumbusha kwamba aliniamuru nikae kimya. Akakung'uta kafi, akasema tutaanza tena kesho.